Jupiter-37A ya Mrusi, 135mm: nimeipigia nebula kutoka Kigoma, mazuri na mabaya yake haya hapa

Nebula ni yale mawingu ya gesi na vumbi huko kwenye nyota. Naanza na hela maana najua ndo mnayoisubiri. Lenzi nimenunua elfu sitini. Adapta ya kuiunga na Canon elfu ishirini na tano, niliagiza mtandaoni ikakaa njiani wiki tano. Mbao, bawaba, bolti na nati elfu kumi na nne, seremala elfu kumi na soda juu. Jumla laki moja na elfu tisa. Kamera siiweki kwenye hesabu, ni Canon 600D yangu ya siku zote inayonilisha, mchana inapiga pasipoti na wikiendi send-off. Sasa kuna lenzi mpya ya Samyang, 135mm f/2 (135mm ni urefu wa fokasi, na namba ya f ikiwa ndogo tundu la mwanga ni kubwa), wapiga nebula wengi wanaisifia hiyo hiyo, ila ni mamia ya dola na hapo hata kitu cha kuizungusha ifuate nyota hujanunua. Mi mamia ya dola nikiyashika leo naezeka nyumba.

Kwa hiyo hii ni rivyuu ya mtu wa laki na tisa, tusije tukalaumiana huko mbele.

Lenzi yenyewe ni Jupiter-37A, 135mm f/3.5, chuma na vioo tu hakuna plastiki ya maana, imetoka Urusi enzi zile za Sovieti. Mbele imeandikwa herufi za Kirusi so hata jina lake sikulijua mpaka mwenye nayo aliponiambia. Namba yake inaanza na 84, na lenzi nyingi za Kisovieti tarakimu mbili za mwanzo ndo mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo imenizidi umri na namheshimu. Jupiter si ndo Mshtarii wetu, halafu skrubu yake ya nyuma inaitwa M42 kwa sababu ina upana wa milimita 42, na nebula ya kwanza niliyoipiga nayo ni M42, ile ya kwenye upanga wa kundi la nyota la Orion, hiyo 42 yake ni namba tu kwenye orodha ya vitu vya angani ya Mfaransa mmoja Charles Messier. Yaani Mshtarii wa M42 nimempeleka kwa M42. Nilicheka mwenyewe gizani kama chizi.

Niliipata kwa mzee mmoja hapa Ujiji, alikuwa na studio enzi za filamu, zile studio za pazia lenye maua na ndege nyuma yako. Nikafika nyumbani kwake jioni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umefuata ile kamera?"

"Hapana mzee, kamera si imekufa shata, naomba hilo jicho lake refu tu."

"Jicho bila mwili utalifanyia nini?"

Nikamwambia nataka kupigia nyota. Akanitazama weee, akasema hiyo lenzi imepiga mabibi harusi wa Ujiji mpaka wengine sahivi ni mabibi kweli, ila nyota hapana, nyota hazilipi. Bei haikushuka hata mia.

Kabla ya kutoa hela nikawasha tochi ya simu nikaimulika lenzi kutoka nyuma huku naangalia mbele, na hili nawasihi mlifanye kabla hujamwachia mtu elfu kumi yako, maana sisi tunakaa na ziwa, unyevu ni mwingi, lenzi iliyolala kabatini miaka ishirini huota ukungu ndani, unauona kama utando wa buibui mwembamba kwenye kioo. Yangu ilikuwa na vumbi na kaalama kamoja ka ukungu pembeni kabisa, nikakubali. Vumbi halina shida kwenye nyota, usihangaike nalo. Ukikutana na zile Takumar za Mjapani zenye vioo vya njano kama chai ya rangi usizikimbie pia, baadhi zilitiwa thoriamu kwenye kioo na miaka inavyoenda kinageuka manjano, ukiianika juani siku kadhaa rangi inapungua sana. Ila usiisahau huko juani ikiwa imetazama jua, utachoma nyumba.

Shida ya yangu ilikuwa pete ya fokasi. Ngumu kama kifuniko cha dumu la mawese lililokaa mwaka. Grisi imekauka. Nikapeleka kwa fundi mmoja mjini anayetengeneza redio na saa, simtaji, ni mtu mwema tu ila siku hiyo hatukuelewana. Akaifungua, akaisafisha kwa petroli, grisi mpya, akaifunga, pete ikawa laini mpaka raha. Usiku natoka nayo nje, nazungusha mpaka mwisho, nyota zote zimekuwa mapande ya shilingi mia. Hazikazi. Asubuhi namrudishia, ananiambia, "Dogo, nyota ziko mbali sana, lenzi hii haifiki huko." Aisee. Kumbe ndani ya ile pete kuna nyuzi za skrubu zenye milango kadhaa ya kuingilia, ukiitenganisha lazima urudishie mlango uleule ilikotokea, ukiingiza mlango wa jirani pete itazunguka vizuri tu ila lenzi haitafika mbali kabisa, itaishia mita thelathini huko. Tukaifungua tena tukajaribu mara nne ndo ikakaa. So ukiifungua, pale vipande viwili vinapoachana weka alama kwa msumari pande zote mbili, kabla hujafurahia chochote.

Kuhusu adapta nitasema kidogo tu. Lenzi za M42 zinataka sensa, yaani kile kibao cha ndani ya kamera kinachopokea picha, iwe nyuma yake milimita 45.46, Canon EF (mlango wa lenzi wa kamera kama yangu) ina 44, kwa hiyo inabaki nafasi ya milimita moja na nusu hivi ya kukaa kipete cha chuma, mambo yanaisha. Wenye Nikon za DSLR (mlango wa F) poleni, yenu ni 46.5 tayari imezidi, ukifunga adapta ya kawaida isiyo na kioo hufikii nyota, utapiga maua. Kamera haitaitambua lenzi, itaandika f 00, usiogope, weka M (kupanga mwenyewe kwa mkono) upige.

Sasa kazi yenyewe. Ukiweka lenzi ya 135 kwenye stendi tu bila kuifuatisha nyota umekwisha. Kwa sensa ya 600D kila pikseli ni sekunde sita na nusu za pembe (nyuzi moja ina sekunde za pembe 3,600), na anga linakimbia sekunde kumi na tano za pembe kila sekunde ya saa, kwa hiyo ndani ya nusu sekunde nyota imeshahama pikseli. Piga sekunde mbili uone mistari. Nikatengeneza ile traka ya mbao mbili na bawaba ambayo Mskochi anaitwa Haig aliichora mwaka 1975, mbao moja imelala, nyingine inainuliwa taratibu na bolti, kamera imekaa juu. Ukitumia bolti ya M6 ambayo uzi wake ni milimita moja, unaiweka milimita 228 na nusu kutoka kwenye bawaba, halafu unaizungusha mzunguko mmoja kwa dakika. Mzunguko mmoja kwa dakika maana yake ni mshale wa sekunde! Nikakata duara la plaiwudi nikaligundisha kwenye nati, nikachora alama kumi na mbili, pembeni nikaweka saa ya ukutani ya sebuleni na tochi nyekundu, kazi yangu ni kuzungusha duara liende sambamba na mshale. Mke wangu akaniuliza saa imeenda wapi, nikasema inapima nyota, akaniacha.

Bawaba lazima itazame ncha ya anga ya kusini, ile nukta ambayo nyota zinaonekana kuizunguka, na hapa ndo Kigoma ina mambo yake. Tuko nyuzi tano kasoro kusini mwa ikweta, kwa hiyo ncha iko nyuzi tano tu juu ya upeo, na haina nyota ya kuionyesha, ile nyota ya kaskazini wanayoitumia Wazungu kwetu iko chini ya ardhi. Ila faida yake ni kwamba bawaba inalala karibu bapa kabisa, seremala aliweka kabari ndogo chini yake akamaliza. Upande wa kusini sikuuamini kwa dira ya simu kwa sababu bawaba ni chuma na simu inayumba, nikatumia kivuli cha kamba yenye jiwe saa ya jua la utosini, na jua letu linafika katikati saa saba mchana, siyo saa sita, kwa sababu saa za nchi nzima zimepangwa kwa nyuzi 45 mashariki na sisi tuko 29 na nusu hivi, limebaki nyuma kama saa nzima. Nilipiga hesabu nikaona ukikosea mwelekeo kwa nyuzi moja, kwenye picha ya sekunde thelathini nyota inahama kama pikseli moja tu. Nyuzi moja unaiweza kwa kamba na jiwe. Nyuzi tatu utaziona.

Usiku wa kwanza nilifanya ujinga, nikaenda ufukweni nikidhani ziwani ni giza. Wenyeji wenzangu mshaanza kucheka. Usiku wa giza ambao mi nautaka ndo huohuo wavuvi wa dagaa wanaoutaka, mwezi ukiwepo wanapumzika maana dagaa hawaji kwenye taa, mwezi ukipotea wanaingia wote, zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola nyeupe kali hizo, ziwa zima linakuwa kama Dar imehamia majini. Jirani yangu mmoja anamiliki mtumbwi, nilipomlalamikia akanambia, "We zima nyota zako kwanza na mi ntazima taa." Sina jibu mpaka leo.

Usiku wa pili nikaenda Simbo, kwenye shamba la michikichi la mjomba. Ilikuwa Januari, mchana ilinyesha ya kutosha, jioni mawingu yakafunguka, na nawaambia kabisa anga la baada ya mvua ndo anga, usidanganyike na kiangazi cha Julai na Agosti, hakuna wingu kweli ila watu wanachoma mapori, anga lote linakuwa na moshi wa kahawia. Saa tano usiku Orion iko utosini, na sio utosini ya kusema tu, M42 iko nyuzi tano na nusu hivi kusini mwa ikweta ya anga na sisi tuko karibu palepale, inapita juu ya kichwa chako kabisa. Kwa mpiga nebula hiyo ni zawadi, unapiga kupitia hewa kidogo kuliko pengine popote na taa zote za upeo ziko mbali. Shingo tu ndo inaumia, hapo kaskrini ka 600D kanakofunguka pembeni kaliniokoa.

Fokasi ilinichukua nusu saa. Usiamini alama ya mwisho kwenye pete, adapta yangu ni nyembamba kidogo na lenzi inapita, ukigonga mwisho umeshapitiliza. Unaelekeza kwenye nyota kali, mi nilitumia Sirius, unazumu mara kumi kwenye skrini, halafu unasogeza pete kwa upana wa ukucha, yaani kidogo hivyo, nyota inavimba inasinyaa inavimba, unatafuta pale inaposinyaa zaidi. Hapo pete laini ya fundi ikawa balaa, nikiigusa tu imehama. Nikaikaza na selotepu. Baada ya saa nzima baridi ya usiku ikaihamisha tena kidogo, ikabidi nirudie.

Sasa kioo chenyewe kinafanyaje. Kwenye f/3.5, yaani wazi kabisa, siipendi. Nyota kali zote zina duara la zambarau kama zimepigwa ngumi, na pembeni mwa picha nyota zinakuwa na mabawa. Hii ni tabia ya lenzi nyingi za zamani, zilitengenezwa kwa filamu na nyuso za watu, nani angejali rangi ya ukingo wa nukta nyeupe. Kwenye f/5.6 inakuwa lenzi nyingine. Zambarau inabaki kidogo kwenye zile nyota tatu za mkanda tu, pembeni zinakaza, katikati ni sindano. Apecha yake, yaani tundu la mwanga, ina visu kumi na viwili, kwa hiyo ukiibana kila nyota kali inatoa miale kumi na miwili myembamba, wengine wanaipenda, mi naona kama kadi ya Krismasi. Nikaiacha wazi nikakata boksi la sabuni, duara lenye tundu la milimita 27 katikati, nikalichomeka mbele ya lenzi. 135 gawa kwa 27 ni f/5. Miale yote ikapotea, nyota zikawa nukta. Hilo boksi la sabuni ndo kifaa bora kuliko vyote nilivyonunua na ni bure.

Upana wake ndo umenifanya niipende. Kwenye 600D unapata nyuzi tisa na nusu kwa sita, so kwenye fremu moja umeweka mkanda mzima wa Orion, upanga, M42, nebula ya Moto pale karibu na Alnitak, nyota mojawapo ya mkanda, na hata nebula nyeusi ya Kichwa cha Farasi. Darubini haikupi hivyo, inakupa kipande.

Nilipiga picha 110 za sekunde thelathini, ISO 1600 (ISO ni wepesi wa kamera kuuona mwanga). Kila dakika kumi na tano narudisha bolti mwanzo, kwa sababu bolti iliyonyooka ikinyanyua sana mwendo unaanza kupotoka. Nilibakiza 84, zile nyingine 26 ni mbu. Sitanii, mbu akikung'ata mkono unaruka, picha imekwenda. Nikaongeza chache za sekunde tano kwa ajili ya moyo wa M42 maana kwa sekunde thelathini katikati kunaungua kunakuwa kweupe tupu. Umande nao ulikuja saa saba usiku, karatasi ngumu niliyoizungushia lenzi kama kofia ilisaidia ila mwishowe kioo kililia.

Programu ya kuzipandanisha, yaani kuziweka juu ya nyingine ziwe picha moja, ni DeepSkyStacker, ya bure. Laptopu yangu ina RAM ya 4GB, niliiwasha saa mbili usiku nikalala, asubuhi ndo imemaliza. Picha moja moja ilikuwa na chenga za ajabu, ila ukipandanisha picha 84 chenga zinapungua kama mara tisa, ni kipeuo cha pili cha idadi, na hapo nilipovuta mwanga kidogo kwenye kompyuta ile kitu ikatokea. Mabawa ya M42 yamefunguka, waridi na buluu, vumbi jeusi limekata katikati, na pale juu Moto una ule mti wake mweusi ndani. Hapo ni umbali wa miaka ya mwanga zaidi ya 1,300, na mi nimekaa kwenye kigoda Simbo na saa ya sebuleni. Nilimwamsha mke wangu saa kumi na mbili. Akasema nzuri, rudisha saa.

Kilichonikatisha tamaa ni wekundu. Kichwa cha Farasi kipo ila ni kivuli hafifu cha pikseli sitini hivi, na ule upinde mkubwa mwekundu wa Barnard hata dalili. Hiyo siyo kosa la lenzi. Haidrojeni ya nebula inang'aa kwenye nanomita 656, na kamera ya kawaida ina kichujio mbele ya sensa kinachokula sehemu kubwa ya wekundu huo ili ngozi za watu zisitoke kama nyanya. Kuna watu wanakitoa. Mi kamera yangu inapiga pasipoti, nikikitoa watu wote wa Ujiji watasafiri na nyuso nyekundu, siwezi. Kwa sisi wenye kamera zisizofunguliwa elekezeni kwenye vitu vya buluu, nilijaribu Kilimia usiku uleule mapema, nilipata picha ishirini tu lakini kaukungu ka buluu kanakozunguka zile nyota kameonekana, nyota zilezile wazee walizotazamia msimu wa kulima.

Kwa hiyo lenzi naipa nane kwa kumi ikiwa imebanwa na boksi la sabuni, na nne ikiwa wazi. Anayetaka kitu cha kufunga na kupiga asiinunue. Aprili na Mei naisubiri nebula ya Carina, ile inapanda nyuzi 35 upande wa kusini, nahitaji sehemu isiyo na mlima wala mchikichi upande huo, anayejua shamba la namna hiyo karibu aseme.

Halafu nikakosea. Picha nikaiprinti A4 nikaibandika studio, juzi yule mzee kaja kupiga pasipoti, kaiona, kauliza nani kapiga. Nikajisifia, nikamwambia ni lile jicho lako mzee. Sasa kwenye ile kamera yake mbovu, Zenit, bado kuna lenzi ya Helios 58mm f/2, hiyo nayo ni M42, kwa kamera yangu ingechukua Orion karibu nzima kutoka bega mpaka mguu, na mwezi uliopita alikuwa ananipa kwa elfu arobaini. Akakaa kimya anaitazama picha, nikampiga pasipoti yake, akalipa, akiwa mlangoni akageuka akasema ile nyingine sasa ni elfu tisini.